Kuchora Watu Wakisema

Mzee mmoja alisimama katikati ya mkutano wa kijiji, akavua kofia, akasema: "Mtaro ulichimbwa, bomba likalazwa, mtaro ukafukiwa, maji hayakutoka." Akakaa. Watu wakaguna kwa kukubali, na mwenyekiti alikuwa tayari kumpa nafasi msemaji mwingine.

Mimi nilikuwa pembeni, mbele ya karatasi ya manila iliyobanwa kwenye ubao wa darasa tulioutoa nje, makapeni nyeusi mkononi. Nilikuwa nimeshachora mtaro. Nikachora bomba ndani yake. Nikaanza kuchora koleo, halafu mkono ukasita, kwa sababu koleo halijishiki lenyewe. Lazima awepo mtu. Mtu gani? Wanakijiji waliojitolea nguvu zao? Vibarua wa mkandarasi? Vijana wa kijiji jirani? Nikamgeukia yule mzee: "Samahani baba, waliochimba walikuwa akina nani?"

Kwa muda hakuna aliyejibu. Kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akasema walichimba watu wa vitongoji viwili, kila kaya ilitoa mtu mmoja. Mwingine akadakia kwamba kitongoji cha tatu hawakuitwa. Kwa nini? Kwa sababu wale ni wafugaji, kutwa wako na mifugo, ikaonekana hawatapatikana. Nikachora vikundi viwili vyenye makoleo, na mbali na mtaro nikachora kikundi cha tatu, chenye fimbo na ng'ombe. Ndipo kijana wa kitongoji hicho cha tatu akainuka, akaja mpaka kwenye karatasi, akaweka kidole pale mtaro ulipokatiza korongo. "Hapa," akasema. "Kila masika korongo hili linahama. Sisi tunalivuka na ng'ombe kila siku, tunalijua. Bomba limelazwa juu juu, maji yakaja yakalibeba."

Hiyo ilikuwa wilaya moja ya Dodoma, miaka kadhaa iliyopita. Kijiji kilikuwa kimekaa na bomba kavu kwa misimu mitatu, na katika misimu hiyo walikuwa wamekaa vikao vingi kuhusu bomba hilo hilo. Sentensi ya yule mzee ilikuwa imesemwa kila mara, na kila mara watu waliikubali, kikao kikafungwa.

Watu wakiniuliza kazi yangu huwa nawajibu kwamba nachora watu wanachosema, wakati ule ule wanapokisema. Wengi hudhani ninapamba mikutano. Kwenye semina naitwa "yule dada wa michoro", na waandaaji wananipangia nafasi kando ya meza ya chai. Sikatai kukaa hapo, mradi nasikia vizuri. Lakini siku ile ya korongo nilielewa kitu kuhusu kazi hii ambacho hakuna mafunzo yaliyokuwa yamenipa, na tangu hapo nimekuwa nikikifuatilia.

Rudia sentensi ya yule mzee. Hakudanganya hata neno moja. Ulichimbwa, likalazwa, ukafukiwa: vitenzi vitatu, vyote katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hayupo popote. Kiswahili kinaturuhusu. Mtoto akiangusha sahani anamwambia mama yake, "Sahani imevunjika," na mama anajua kabisa nani alikuwa anaiosha. Tukikua tunaendelea vivyo hivyo: fedha zimetumika, mradi umekwama, imeamuliwa, imeonekana. Hata wale wafugaji waliachwa kwa sababu "ilionekana" hawatapatikana, na aliyeona hivyo hakutajwa. Mara nyingi hii ni heshima. Hutaki kumwaibisha mtu mbele ya hadhara, hasa aliyekuzidi umri. Nimelelewa na adabu hiyo na naipenda. Ila kalamu haiwezi kuchora "imeamuliwa". Ukitaka kuchora uamuzi unahitaji angalau watu, mahali walipokaa, na mikono iliyonyooshwa juu. Ukitaka kuchora fedha zilizotumika unahitaji mkono unaotoa na mkono unaopokea. Mchoraji anayechora kwa uaminifu anajikuta anauliza maswali ambayo lugha ilikuwa imeyasamehe.

Kilichonichukua muda mrefu ni kujifunza kuuliza bila kufedhehesha. Siku hizi mara nyingi siulizi kwa mdomo. Nachora kichwa cha mtu, duara tu, nachora mwili kwa mstari na mikono miwili inayofanya ile kazi iliyotajwa, halafu naacha nafasi ya jina wazi na kurudi nyuma hatua mbili. Watu wanalitazama lile duara tupu. Kama pale pana usalama wa kusema, mtu atasema. Kama hapana, duara linabaki tupu, na kila aliyepo ameona kwamba ni tupu. Sichori sura inayofanana na ya mtu fulani, hata nikiombwa. Karatasi inapigwa picha, picha inaingia kwenye kundi la WhatsApp, na kufika jioni iko kwenye simu za watu ambao hawakusikia neno hata moja la yale yaliyosemwa pembeni yake.

Mtu wa kwanza niliyemwona akichora huku anasema ni mwalimu wangu wa darasa la tatu. Somo lilikuwa panzi. Ukutani mwa darasa palikuwa na chati ya wadudu iliyochapishwa kiwandani, yenye rangi nzuri, na ilikuwa pale mwaka mzima bila mtu kuitazama. Siku hiyo mwalimu aliigeuzia mgongo, akachukua chaki, akasema "kichwa" huku akichora kichwa, "kifua" huku akichora kifua, "tumbo" na vipande vyake kimoja kimoja, miguu sita, ile miwili ya nyuma mirefu ya kurukia. Panzi yule hakuwa mzuri kuliko wa kwenye chati. Lakini alizaliwa mbele yetu. Kila sehemu ilipofika ubaoni sikio lilikuwa limeshaisubiri, kwa hiyo jicho halikuwa na pa kupotelea. Leo naweza kukuchorea panzi yule kwa mpangilio ule ule, na sikumbuki mdudu hata mmoja wa kwenye chati.

Mafundi wanalijua hili tangu zamani. Fundi wa paa akikueleza kenchi za nyumba yako hatakutumia maneno matupu. Atachana mfuko wa saruji, atachukua penseli ya sikioni, na atachora mbao moja baada ya nyingine huku anasema hii inabeba ile. Na wewe, usiyejua lolote la useremala, utamkatiza: "Sasa hapa maji ya mvua yatapita wapi?" Ungepewa ramani iliyokamilika ungeitikia tu kwa kichwa.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, kwa wanaotaka kuijaribu. Alama unazohitaji ni chache mno: duara, mraba, pembetatu, mstari, nukta. Mtu ni duara na mistari. Nyumba ni mraba na pembetatu. Kikao ni maduara yaliyozunguka mstari. Makapeni moja nyeusi ya ncha iliyokatwa mshazari kwa mistari na maandishi, rangi moja ya kusisitiza, basi. Mwanafunzi mwenye rangi kumi na mbili anatumia muda wake kuchagua rangi, na wakati huo msemaji ameshafika kwingine. Andika neno kwanza, ndipo ulizungushie kisanduku, kwa sababu ukianza na kisanduku neno halitaenea. Kwa Kiswahili hili ni la lazima kuliko lugha nyingine ninazozijua. Mtu akisema "hawakutushirikisha" amesema sentensi nzima kwa neno moja, na neno hilo litakula nusu ya karatasi kama unaandika kwa ukubwa wa kusomeka na mtu aliyekaa mstari wa nyuma. Mimi huchora watu wamekaa, na kiti kimoja hakina mtu. Chini yake naandika "sisi".

Ugumu hauko mkononi. Mdomo una mbio kuliko kalamu, kwa hiyo huwezi kuchora kila kitu, na kazi nzima inakuwa ni kuamua nini uache huku bado unasikiliza kinachofuata. Mimi hukaa nyuma ya msemaji kwa sentensi moja au mbili. Nasubiri nione wazo lake linaelekea wapi kabla sijaligusa. Nasikiliza namba, majina ya mahali, maneno yanayorudiwa na watu tofauti, na pale ambapo watu wanacheka au wananyamaza ghafla. Mtu akitumia mfano wake mwenyewe, naudaka kama ulivyo. Mama mmoja aliwahi kusema mkopo wa kikundi chao ni kama kanga moja kwa dada watatu. Nikachora kanga na dada watatu, na siku mbili zilizofuata hakuna aliyesema tena "mkopo" bila kunyoosha kidole kwenye ile kanga.

Sikiliza pia michoro yako inasomwaje, kwa sababu alama hazisafiri zote. Mwanzoni nilikuwa na mazoea ya kuchora wazo kama wingu dogo juu ya kichwa cha mtu, lile la kwenye vibonzo vya magazeti. Nilichora hivyo katika mkutano wa wakulima uliohusu ukame. Mwisho wa siku, wakati wa kupitia karatasi pamoja, mzee mmoja akaeleza kwa furaha kwamba yule mtu amebahatika, mvua imemfikia shambani kwake peke yake. Alikuwa ameisoma sawasawa. Wingu ni wingu. Balbu ya kumaanisha wazo jipya nimeiacha pia, na mshale nauchora tu baada ya kuwauliza watu unasema nini kwao. Kwa wengine ni mkuki, na mkuki unaotoka kwenye kichwa cha mtu mmoja kwenda kwa mwingine si "mawasiliano".

Kisa cha kisima ndicho kilichonifanya niache kung'ang'ania makapeni. Ilikuwa wilaya hiyo hiyo, kijiji kingine. Tulikuwa tumeshaamkiana, "mbukwenyi" zimeitikiwa, kikao kimeanza, na akina mama wanaeleza maji ya kiangazi yanatoka wapi. "Tunachota kisimani," mmoja akasema. Nikachora kisima: ukuta wa mviringo, nguzo mbili, kamba, ndoo. Bibi mmoja aliyekaa mbele akakitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, hicho kisima cha wapi?"

"Cha hapa kwenu, bibi."

"Hapa hakuna kitu kama hicho."

Akanyanyuka. Nikampa makapeni bila kufikiri, na akaishika kama unavyoshikwa mwiko. Akachora korongo kwa mistari miwili, na katikati yake shimo dogo. Kisima chao ni mchanga wa korongo kavu, unachimbwa kwa mikono na bakuli mpaka maji yaanze kuchuruzika pole pole, kisha unasubiri. Halafu akachora shimo la pili, refu kidogo. "Hili ni la Juni." La tatu, refu zaidi. "Agosti." La nne likafika karibu na ukingo wa chini wa karatasi, na ndani yake akaweka duara dogo, kichwa cha mtu. "Oktoba. Mtu anazama wote. Mwenzake anabaki juu na mtoto, anaangalia mchanga usije ukamfukia."

Alikuwa amechora grafu. Miezi ikienda upande, kina kikishuka chini, vipimo vinne, na binadamu ndani ya kipimo cha mwisho. Mhandisi wa maji aliyekuwa na dodoso lake la kuuliza idadi ya visima alilifunika, akaanza kuuliza upya: Oktoba ndoo moja inajaa baada ya muda gani? Nani anasubiri? Mtoto anayesubiri anaacha nini? Kisima changu kizuri chenye kamba na ndoo kingeandikwa kwenye ripoti kama kisima kimoja, chenye maji. Nilikuwa nimechora neno "kisima" kama lilivyokaa kichwani mwangu, na kama kikao kile kingenukuliwa kwa maandishi tu, kosa hilo lisingeonekana na mtu yeyote. Lilionekana kwa sababu lilikuwa pale wazi, baya, la kunyooshewa kidole.

Nilipoanza kusoma waliotangulia, nikakuta hili si jipya. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, alipofundisha watu wazima kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianza na picha kabla ya herufi. Mchoraji Francisco Brennand alimchorea mfululizo wa picha za maisha ya kawaida. Katika ile ya kwanza kuna mkulima, na kuna kisima, na mwezeshaji alitakiwa kuuliza maswali mepesi: kisima hiki nani alikichimba? Kwa nini? Lini? Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo kutembea. Swali lile lile la koleo. Mwaka 1963 njia hiyo ilitumika katika mji wa Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, kwa watu wazima wapatao 300. Mwaka 1964 jeshi likapindua serikali, mpango ukafutwa, Freire akafungwa kisha akakimbilia uhamishoni. Hapo nikaelewa pia kwa nini viongozi wengine hukunja uso wakiona duara langu tupu.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 1988, katika kijiji cha Mbusanyi, Machakos, wanakijiji na wataalamu wa mazingira walichora pamoja ramani na mipango ya kijiji. Robert Chambers, Mwingereza aliyekuwa ofisa wa utawala Kenya mwishoni mwa ukoloni na baadaye akawa mtafiti, anaitaja kazi hiyo kama moja ya chemchemi za njia ya utafiti shirikishi iliyoenea baadaye duniani kote: watu wanachora ardhini kwa kijiti, jivu, mbegu na mawe, na mtaalamu anakaa chini kuangalia. Wenye njia hiyo husema "kabidhi kijiti", na wanamaanisha kijiti hasa, kile cha kuchorea. Ule mtindo wa kusimama mbele ya karatasi pana ukutani na kuchora kikao kizima, ambao ndio ulionipa ajira, ulikua San Francisco katika miaka ya 1970. David Sibbet, mmoja wa walioukuza, alianzisha kampuni yake mwaka 1977. Nimejifunza mengi kwao, hasa ukubwa wa herufi na nidhamu ya kuacha nafasi nyeupe. Lakini kwa kazi ya vijijini moyo wangu uko Mbusanyi, kwenye kijiti kinachobadilisha mikono.

Na kuna sababu nyingine ya kukigawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha mwaka 2016 majaribio ambayo watu walipewa maneno, mengine wayaandike, mengine wayachore. Yaliyochorwa yalikumbukwa zaidi, hata walipopewa sekunde nne tu za kuchora, na ubora wa mchoro haukuwa na maana. Faida hiyo anaipata anayechora. Kwa miaka yote niliyoshika makapeni peke yangu, aliyekuwa anakumbuka vizuri kuliko wote kijijini ni mimi, na jioni nilikuwa napanda gari naondoka na kumbukumbu zao.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni la hoteli. Niliwahi kuitwa kwenye kongamano kubwa la siku tatu, nikachora karatasi kumi na moja, washiriki wakapiga nazo picha za kujionyesha, na asubuhi ya siku ya nne nikazikuta zimekunjwa kwenye pipa nyuma ya jiko. Nilizitoa. Humo ndani mlikuwa na maneno ya mkunga aliyesafiri usiku kucha kuja kusema. Tangu hapo kabla ya kukubali kazi nauliza swali moja: karatasi zitakaa wapi, na nani atarudi kuzisoma? Wasipokuwa na jibu, siendi.

La pili ni zile video za mkono unaochora kwa kasi kwenye ubao mweupe, zilizoenea sana mtandaoni tangu mwaka 2010 hivi. Zinavutia, nyingine zimenifundisha mengi. Ila mteja anaponionyesha moja na kusema anataka "kitu kama hiki", namweleza kwamba pale kila mstari ulipangwa kabla, hotuba ilishamalizika kusemwa, na bibi hawezi kunyanyuka akasema hapa hakuna kitu kama hicho. Kwa sababu hiyo hiyo bado napendelea karatasi kuliko tableti na projekta. Karatasi mtu anaifikia. Upepo wa Dodoma unaipeperusha, selotepu haishiki kwenye ukuta wenye vumbi, kwa hiyo natembea na kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo, na watoto wananisaidia kuvuta kamba.

Kijiji cha kwanza, kile cha bomba, nilirudi baada ya mwaka na nusu, kwa kazi nyingine kabisa. Nikapita ofisi ya mtendaji kusalimia. Karatasi yangu ilikuwa ukutani, imepauka, pembe moja imeliwa na mchwa. Nikaisogelea. Kwenye korongo, mtu alikuwa ameongeza kwa biki ya bluu mstari mpya wa bomba, unaokatiza juu zaidi, penye mwamba, na gati moja ya kuchotea maji upande wa pili. Mtendaji akaniambia vijana walikaa hapo siku mbili wakibishana mbele ya karatasi kabla ya kwenda kuchimba. Nikatazama kile kikundi cha tatu, nilichokiweka mbali na mtaro, wenye fimbo na ng'ombe. Biki ile ile ya bluu ilikuwa imepita hapo pia. Fimbo ziko pale pale kwenye mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili kila mmoja amechorewa koleo.